Pensheni, Ngamia na Dhahabu

Mtumishi wa umma anayestaafu katika mji mdogo wa Buna, kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Moyale, hukabiliwa na swali ambalo washauri wengi wa uwekezaji wa mijini hawakulizoea, nalo ni namna ya kuihifadhi akiba ya miaka thelathini ya kazi mahali ambapo mali ya jadi ni mifugo, matawi ya benki yako mbali, na wakazi karibu wote ni Waislamu ambao wengi wao hujiepusha na riba. Bei ya dhahabu ilipovuka dola 3,000 kwa aunsi mwezi Machi 2025, kisha ikavuka dola 4,000 mwezi Oktoba mwaka huo huo, jibu moja lilipata mvuto mpya, yaani kuiondoa akiba ya uzeeni katika mifuko ya pensheni na kuiweka katika madini ya thamani. Kwa jina hilo hukusudiwa dhahabu, fedha, platinamu na paladi, madini yasiyooza wala kushika kutu kwa urahisi na yanayopimwa sokoni kwa aunsi yenye gramu 31.1. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo ukweli huo una mipaka, na katika Kenya mipaka ya kwanza imewekwa na sheria, ya pili na hesabu, na ya tatu na dini.

Wazo lenyewe si geni katika eneo hilo. Kabla ya shilingi kuzoeleka, masoko ya mpakani kati ya iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na nyanda za juu za Ethiopia yaliijua vyema riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780 hata baada ya malkia huyo kufariki, yenye uzito wa takriban gramu 28, ambazo gramu 23.4 kati yake ni fedha halisi. Sarafu hiyo ilibebwa na wafanyabiashara, ilizikwa na wenye mali, na masonara wa Pembe ya Afrika waliiyeyusha ili kufua mikufu na vikuku, kwa hiyo akiba na pambo vilikuwa kitu kimoja. Historia yake, hata hivyo, inastahili kusomwa hadi mwisho. Hadi miaka ya 1870 aunsi moja ya dhahabu ilikuwa ikibadilishwa kwa aunsi kumi na tano na nusu hivi za fedha. Mataifa makubwa yalipoacha kuitumia fedha kama msingi wa sarafu zao, thamani yake iliporomoka, na katika miaka ya karibuni aunsi moja ya dhahabu imekuwa mara nyingi ikihitaji zaidi ya aunsi 80 za fedha. Aliyerithi mtungi wa riale na aliyerithi dhahabu ya thamani ile ile hawakurithi mali sawa, na anayezungumza juu ya madini ya thamani kana kwamba ni kitu kimoja huwa anauficha ukweli huo.

Leo dhahabu ndiyo iliyoshika nafasi hiyo, na ujuzi wake umo zaidi mikononi mwa wanawake. Bangili na mikufu inayotoka Dubai hupitia maduka ya Eastleigh jijini Nairobi, mtaa ambao wakazi huuita Islii, kisha huenea hadi Garissa, Wajir na Mandera, ambako hutolewa kama mahari, hununuliwa wakati wa neema na kuuzwa wakati wa karo au matibabu. Mama mwenye biashara ya nguo au ya maziwa ya ngamia anayeongeza bangili moja kila baada ya miaka michache anaweka akiba ya uzeeni kwa maana kamili ya maneno hayo, ingawa hakuna afisa yeyote anayeiandika katika daftari lake. Mwanamume, ambaye sheria ya Kiislamu haimruhusu kuvaa dhahabu, kwa kawaida ameweka yake katika ngamia. Ngamia huzaa na hutoa maziwa, jambo ambalo dhahabu haiwezi kulifanya, lakini katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2023, mvua ziliposhindwa kwa misimu mitano mfululizo, zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa katika kaunti kame za Kenya, na wafugaji wa Wajir walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu aliyeshuhudia mizoga hiyo huiona dhahabu kuwa ndiyo mali isiyohitaji mvua.

Upande wa pensheni, hali ya kisheria imebadilika sana katika muda mfupi. Mpango wa pensheni kwa watumishi wa serikali ulioanza Januari 2021 uliwaondoa waliokuwa na umri wa chini ya miaka 45 kutoka katika utaratibu wa zamani, ambao haukumtaka mfanyakazi kuchangia chochote na uliolipwa moja kwa moja na Hazina ya Taifa, ukawaingiza katika mfuko ambao mfanyakazi huuchangia hadi asilimia 7.5 ya mshahara wake na serikali asilimia 15. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, unaojulikana kwa kifupi NSSF, ulikuwa kwa miaka mingi ukikata shilingi 200 tu kwa mwezi. Sheria yake ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya mvutano mrefu mahakamani, inamtaka mfanyakazi na mwajiri kila mmoja achangie asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango kilichowekwa. Kwa wasio na mwajiri, kama vile wachuuzi na mafundi, ulianzishwa mpango wa Mbao mwaka 2011, uliompa mtu nafasi ya kuweka shilingi 20 kwa siku kupitia simu. Kwa mara ya kwanza, basi, kuna fedha nyingi zenye jina la mfanyakazi wa kawaida wa Wajir au Garissa, na ni jambo la kawaida kwamba mwenye jina atake kuziamulia.

Kuziamulia huko, hata hivyo, si rahisi. Mfuko wa pensheni nchini Kenya huendeshwa chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 na husimamiwa na mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo. Fedha za wanachama hukaa chini ya wadhamini, ambao ndio wenye dhamana ya kisheria; huwekezwa na meneja wa uwekezaji; na mali yenyewe hushikwa na mtunza amana, kwa kawaida benki, ili yule anayeamua pa kuwekeza asiwe ndiye anayeshika mali. Kanuni za uwekezaji zinaweka kikomo cha kila aina ya mali: hati za serikali zinaweza kufika asilimia 90 ya mfuko, hisa zilizoorodheshwa sokoni asilimia 70, ardhi na majengo asilimia 30, na mali za nje ya nchi asilimia 15, huku mali za aina nyinginezo zisizotajwa zikibanwa ndani ya asilimia 10. Katika jedwali hilo dhahabu haikupewa nafasi yake ya pekee kama ilivyopewa ardhi. Mwanachama anayemwendea mdhamini wake akitaka akaunti yake yote igeuzwe kuwa vipande vya dhahabu anaomba jambo ambalo mdhamini hana uwezo wa kulifanya, na inafaa kusemwa kwamba katazo hilo ni la busara, kwa kuwa mfuko unaopaswa kuwalipa wazee kila mwezi hauwezi kusimama juu ya mali ambayo yenyewe hailipi chochote.

Mlango mwembamba upo. Tarehe 27 Machi 2017 Soko la Hisa la Nairobi liliorodhesha NewGold, mfuko kutoka Afrika Kusini ambao kila kipande chake kinawakilisha takriban sehemu moja ya mia ya aunsi ya dhahabu iliyowekwa ghalani, na ambao ulikuwa wa kwanza wa aina yake katika soko hilo. Kwa njia hiyo mtu, au mfuko, anaweza kumiliki dhahabu bila kuibeba, kwa kutumia akaunti ile ile inayotumika kununulia hisa. Biashara ya vipande hivyo jijini Nairobi imekuwa haba kiasi kwamba mwenye kutaka kuuza kwa haraka huenda asimpate mnunuzi siku hiyo. Kwa mtumishi aliyeko Buna, ambaye angetaka dhahabu hasa kwa sababu inauzika siku ya shida, hilo si dosari ndogo.

Njia ya pili ni kuzitoa fedha katika mfuko na kununua dhahabu dukani. Hapa ndipo watu wengi hupoteza zaidi ya wanachodhani wanakiokoa. Mfanyakazi anayeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu huruhusiwa kuchukua sehemu tu ya akiba yake, na sehemu hiyo hukatwa kodi, ilhali mabadiliko ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 yameyaondolea kodi mafao ya anayefika umri wa kustaafu na kupandisha hadi shilingi 30,000 kwa mwezi kiasi cha mchango kinachosamehewa kodi. Anayevunja akiba yake akiwa na miaka 45 ili awahi bei ya dhahabu huacha nyuma msamaha huo, huacha mchango wa mwajiri uliobaki ukiwa umefungwa, na huanza safari yake akiwa tayari amepungukiwa. Hali ni tofauti kwa aliyestaafu. Mwanachama wa mfuko wa pensheni hupokea hadi theluthi moja kwa mkupuo na kinachobaki hugeuzwa kuwa malipo ya kila mwezi, na ule mkupuo ni mali yake, aununulie mbuzi, nyumba ya kupangisha au dhahabu. Kwa hiyo swali la dhahabu, likiulizwa vizuri, linahusu theluthi hiyo. Zile theluthi mbili zinazolisha nyumba mwezi hadi mwezi hazimo ndani yake.

Hesabu ya theluthi hiyo inahitaji kufanywa kwa shilingi, wala si kwa dola, ingawa wauzaji wa dhahabu huonyesha michoro ya dola. Mwezi Januari 2024 dhahabu iliuzwa duniani kwa dola 2,025 hivi kwa aunsi, na dola moja ilinunuliwa kwa shilingi zipatazo 161, kwa hiyo aunsi ilikuwa na thamani ya takriban shilingi 326,000. Kufikia mwanzo wa Agosti mwaka huo dhahabu ilikuwa imepanda hadi karibu dola 2,446, ongezeko la zaidi ya asilimia 20 lililosifiwa kote ulimwenguni, lakini shilingi nayo ilikuwa imejizatiti hadi 130 hivi kwa dola, na aunsi ile ile ikawa na thamani ya takriban shilingi 318,000. Mstaafu aliyeweka shilingi milioni moja mwezi Januari angejikuta Agosti akiwa na shilingi 975,000 hivi, kabla hata ya muuzaji kukata chake. Mwaka uliofuata, dola ikiwa karibu shilingi 129 na dhahabu imepita dola 4,000, milioni hiyo ingekuwa zaidi ya milioni moja na nusu. Masimulizi yote mawili ni ya kweli, na anayesimuliwa la pili peke yake amedanganywa nusu. Kwa kulinganisha, hati fungani ya miundombinu iliyouzwa na serikali ya Kenya Februari 2024 iliahidi riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka bila kodi, na waliokuwa tayari kuipokea walijua tangu siku ya kwanza watakachopata.

Muda mrefu nao hauondoi mashaka kama inavyodhaniwa. Bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa aunsi hadi Marekani ilipoacha kubadilisha dola kwa dhahabu tarehe 15 Agosti 1971. Baada ya hapo ilipanda hadi kufika dola 850 mwezi Januari 1980, ikashuka, na haikuirudia namba hiyo hadi Januari 2008. Miaka ishirini na minane ni zaidi ya umri ambao wengi huishi baada ya kustaafu. Aliyenunua mwaka 2001, bei ilipokuwa chini ya dola 300, alifanikiwa mno. Aliyenunua Septemba 2011 kwa dola 1,900 alisubiri hadi 2020 ili arudishe dola zake. Benki kuu za nchi, ambazo zimekuwa zikikusanya dhahabu kwa bidii na ambazo katika ukanda huu zinajumuisha Benki Kuu ya Tanzania, iliyopata haki ya kununua sehemu ya dhahabu ya nchi hiyo baada ya wachimbaji na wafanyabiashara kutakiwa tangu Oktoba 2024 watenge angalau asilimia 20 kwa soko la ndani, zinaweza kustahimili kipindi kama hicho, kwa kuwa benki kuu haistaafu wala haiugui.

Juu ya hayo kuna tofauti ya dhahabu na pambo la dhahabu. Usafi wa dhahabu hupimwa kwa karati, ambapo 24 ni dhahabu tupu. Pambo la karati 21, linalopendwa sana katika maduka ya Garissa na Islii, lina sehemu 875 za dhahabu katika kila 1,000, na kwa sababu hiyo sonara hulipiga muhuri mdogo wa 875 upande wa ndani, kama ilivyo 916 kwa karati 22 na 750 kwa karati 18. Bangili ya gramu 20 ya karati 21, ikiwekwa juu ya mizani, inasoma gramu 20, lakini dhahabu iliyomo ni gramu 17.5, na juu ya bei ya gramu hizo mnunuzi hulipa ufundi, yaani ujira wa kuifua na kuinakshi, pamoja na faida ya duka. Siku ya kuuza ufundi huo haurudishwi, nakshi haina bei, na kama kuna jiwe au risasi ya kulehemu hupunguzwa uzito wake. Ikichukuliwa kwamba ufundi na faida ni asilimia 15, bei ya dhahabu lazima ipande kwa kiasi hicho kabla mwenye bangili hajarudisha shilingi zake, na hapo bado sonara anayenunua hajakata chake. Mwenye nia ya kuweka akiba tu hutafuta kipande cha karati 24 chenye namba na cheti, ambacho ufundi wake ni mdogo; mwenye kutaka kuvaa na kuweka akiba kwa pamoja anapaswa kukubali kwamba sehemu ya bei ni gharama ya kupendeza.

Kwa wakazi wengi wa Kaskazini Mashariki hoja yenye uzito zaidi ni ya kidini, na hapa dhahabu ina sifa ambayo hati za serikali hazina. Mifuko mingi ya pensheni nchini huweka sehemu kubwa ya mali yake katika hati hizo, ambazo faida yake ni riba, na mwanachama Mwislamu hujikuta akikatwa mshahara kwa lazima ili upande mali asiyoiridhia. Njia mbadala zimekuwa zikiongezeka polepole: Gulf African Bank na First Community Bank zilianza mwaka 2008, takafuli, yaani bima inayoendeshwa kwa kuchangiana badala ya kununua hatari, ililipa fidia za kwanza za mifugo iliyokosa malisho huko Wajir mwezi Machi 2014, na sukuki ya Linzi, yaani hati inayompa mwenye nayo sehemu katika mali halisi badala ya deni lenye riba, ilitolewa Julai 2023 kwa thamani ya shilingi bilioni 3. Dhahabu haidai riba, na hilo limeifanya ionekane kuwa jibu safi.

Usafi huo una masharti yake. Sheria ya Kiislamu huihesabu dhahabu na fedha kuwa mali za riba, kwa maana kwamba zinapobadilishwa kwa sarafu lazima makabidhiano yafanyike papo hapo, mkono kwa mkono. Kwa rai ya wanazuoni walio wengi, kununua kipande cha dhahabu kwa malipo ya kila mwezi, au kulipa leo dhahabu ije baada ya wiki tatu, kunaingia katika lile lile linalokimbiwa. Taasisi ya Bahrain inayotunga viwango vya fedha za Kiislamu, AAOIFI, ilitoa mwaka 2016 kiwango maalumu cha dhahabu, namba 57, ambacho kinakubali umiliki usio wa kushika kwa mkono iwapo dhahabu yenyewe ipo, imetengwa na mwenyewe anaweza kuidai. Programu ya simu inayouza dhahabu isiyojulikana ilipo haifikii sharti hilo, hata ikiwa na picha ya msikiti.

Kisha kuna zaka. Dhahabu iliyowekwa kama akiba, ikifika gramu 85 na kutimiza mwaka wa Hijria, hutolewa asilimia 2.5 kila mwaka. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Wasomali, pambo halali ambalo mwanamke hulivaa kwa kawaida halitozwi, lakini lililofichwa sandukuni kwa ajili ya uzeeni hutozwa. Mstaafu mwenye gramu 500 anayeitoa zaka hiyo kutoka katika dhahabu yenyewe kwa miaka ishirini atabaki na gramu 300 hivi, kwa kuwa mali hiyo haizai cha kutolea. Mwenye ngamia watano hutoa mbuzi au kondoo mmoja kwa mwaka, na kundi lenye afya humlipa kwa maziwa ya siku chache. Zaka ni haki ya maskini wala si hasara, lakini anayepanga uzee wake bila kuihesabu anapanga kwa namba zisizo zake. Inaelekea kwamba upungufu huu ulikusudiwa tangu mwanzo, yaani kumsukuma mwenye mali aitoe katika shimo na kuiingiza katika biashara.

Sehemu nyingine ya wasomaji wa eneo hili haiko Buna bali Minneapolis na Columbus, ambako Wasomali wengi, wakiwemo wenye asili ya Garissa na Wajir, hufanya kazi katika maghala, hospitali na malori, na ambako mwajiri huwafungulia akaunti ya kustaafu. Huko Marekani kuhamisha akiba hiyo kwenda katika madini ni jambo linaloruhusiwa, na limekuwa tasnia nzima yenye matangazo ya redio na simu za usiku. Tangu sheria ya mwaka 1997 akaunti binafsi ya kustaafu inaweza kushika dhahabu yenye usafi usiopungua asilimia 99.5, fedha ya asilimia 99.9, au platinamu na paladi za asilimia 99.95, pamoja na baadhi ya sarafu za serikali ya nchi hiyo. Bangili za Dubai hazimo, wala Krugerrand ya Afrika Kusini, ambayo ni ya karati 22. Madini hayo hushikwa na mdhamini aliyeidhinishwa. Mwaka 2021 mahakama ya kodi iliamua kwamba sarafu zilizowekwa nyumbani kwa mwenye akaunti zihesabiwe kuwa zimetolewa na zikatwe kodi. Uhamishaji salama ni ule wa mdhamini kwenda kwa mdhamini. Mwenye akaunti akikabidhiwa fedha mwenyewe, ana siku 60 za kuziingiza katika akaunti mpya, la sivyo hulipa kodi, na akiwa hajafika miaka 59 na nusu huongezewa adhabu ya asilimia 10.

Hatari kubwa zaidi huko imekuwa kwenye mdomo wa muuzaji. Mwezi Septemba 2020 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa, ikiungana na majimbo 30, iliishtaki kampuni iliyojulikana kama Metals.com na washirika wake kwa madai ya kuwatoa watu wasiopungua 1,600, wengi wao wazee, dola milioni 185, kwa kuwashawishi waondoe akiba zao za kustaafu katika akaunti za kawaida na kununua madini kwa bei iliyozidi mno thamani yake sokoni. Woga ndio uliokuwa chambo, kwani waathiriwa waliambiwa kwamba benki zinaanguka na serikali itachukua akiba zao. Msomaji wa Kenya atautambua mtindo huo, hata lugha ikiwa nyingine.

Kenya yenyewe ina historia ya dhahabu isiyokuwepo. Kati ya 1991 na 1993 kampuni ya Goldenberg International ililipwa na serikali fidia ya asilimia 35 juu ya dhahabu na almasi ilizodai kuziuza nje, nchi ikiwa haina almasi na uzalishaji wake wa dhahabu ukiwa mdogo sana. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilichunguza mambo hayo tangu 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Fedha zilizotoka kwa njia hiyo, pamoja na zile zilizomwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992, zilichangia mfumuko wa bei uliopita asilimia 40 mwaka 1993, na walioumia kimyakimya ni wastaafu wa enzi hiyo, ambao pensheni yao ya shilingi zisizobadilika ilipoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kununua katika muda mfupi. Ni katika matukio ya aina hiyo, sarafu inapodhalilishwa na wenye mamlaka, ndipo dhahabu ya kweli huonyesha kazi yake, na ndiyo sababu haifai kuibeza kabisa.

Dhahabu ya bandia haijakoma tangu hapo. Vipande vya shaba vilivyopakwa dhahabu vimekuwa vikiuzwa jijini Nairobi kwa wageni na wenyeji, mara nyingi kwa kumwonyesha mnunuzi chembe za kweli zinazofaulu kipimo kabla ya kumkabidhi sanduku jingine. Karibu zaidi na Buna, machimbo ya Hillo katika eneo la Dabel, Kaunti ya Marsabit, yalivuta maelfu ya watu kutoka pande zote za mpaka hadi serikali ilipoyafunga Machi 2024 kufuatia mauaji, na miezi michache tu baadaye watu wakafukiwa humo wakichimba. Dhahabu inayotoka katika mashimo kama hayo ni ghafi, usafi wake haujulikani hadi isafishwe, na kuiuza au kuinunua bila leseni ni kosa la jinai. Mstaafu anayeletewa chembe katika karatasi kwa bei iliyo chini ya soko anapaswa kujiuliza kwa nini muuzaji hakuzipeleka mwenyewe kwa sonara.

Linabaki suala la kifo, ambalo katika mazungumzo ya uwekezaji hurukwa. Mafao ya mwanachama wa mfuko wa pensheni aliyefariki hulipwa kwa wale aliowateua katika fomu, kwa uamuzi wa wadhamini, na kisheria hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi yake. Dhahabu iliyoko nyumbani, kinyume chake, huingia moja kwa moja katika mirathi, ambapo hulipiwa madeni kwanza, huondolewa wosia usiozidi theluthi, na kinachosalia hugawanywa kwa mafungu ya Qurani. Ugumu hutokea pale mume anaponunua bangili kwa mkupuo wake wa kustaafu na mke akazivaa kwa miaka kumi. Watoto wa mke mwingine hudai kwamba ni mali ya baba, naye hudai kwamba alipewa, na mbele ya kadhi kinachotafutwa ni shahidi wa kutolewa kwa zawadi hiyo, au angalau risiti ya duka iliyoandikwa jina lake. Maduka mengi hutoa risiti hiyo ikiombwa, pamoja na uzito, karati na tarehe, na nakala yake haigharimu chochote kuihifadhi mahali tofauti na dhahabu yenyewe.